Nilivyozipima mbegu za tuzo kwenye ploti yangu Nakuru

Mbegu iliyoshinda tuzo Marekani inaweza kunawiri Nakuru, na inaweza pia kudumaa, wala pakiti haitakuambia mapema. Mimi nalima nyuma ya nyumba huku Kiamunyi, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia ambayo sehemu kubwa imeshachukuliwa na nyumba, tangi la maji na kibanda cha kuku. Udongo uliobaki ni mdogo na kila futi ina kazi yake. Kwa hiyo nilipoanza kuvutiwa na maua na mboga za tuzo, sikutaka kupanda kwa kuamini picha. Nilitaka namna ya kujua, na namna hiyo nikaipata kwa hao hao wanaotoa tuzo.

Tuzo inayojulikana zaidi kwa bustani za nyumbani huko Marekani ni ya All-America Selections, kwa kifupi AAS. Ilianzishwa mwaka 1932 na W. Ray Hastings wa Atlanta, aliyekuwa akiongoza chama cha wauza mbegu wa kusini mwa nchi hiyo, na washindi wa kwanza wakatangazwa 1933. Ulaya wana Fleuroselect, iliyoanza 1970. Uingereza, Royal Horticultural Society imekuwa ikitoa tuzo yake ya mimea ya bustani tangu 1922. Kilichonishika zaidi ni utaratibu wa AAS. Aina mpya huingia shindanoni kabla haijauzwa. Majaji, ambao ni wataalamu wa kilimo cha bustani waliotawanyika Marekani na Kanada, huipanda ubavuni mwa zile zinazofanana nayo ambazo tayari ziko sokoni. Hawaambiwi nani aliyeizalisha, wanachokiona ni namba tu. Halafu hutoa alama, sifuri hadi tano.

Wenzangu wa Nakuru hawatashangazwa na utaratibu huo. Hapo Njoro, kwenye kituo cha KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo, ngano kutoka nchi nyingi duniani hupandwa ili ishambuliwe na ugonjwa wa kutu ya shina aina ya Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Mtafiti wa mbali haamini kwamba ngano yake ni imara mpaka iote Njoro na kusimama. Nikajiambia kwamba kama ngano ya watu inaletwa kwetu kupimwa, basi ua na boga pia vipimwe hapa, kwenye udongo wetu wa majivu ya volkeno, kwa baridi yetu ya usiku.

Mbegu zenyewe hazikuwa mbali kama nilivyodhani. Nilikaa na orodha ya washindi wa zamani, nikaenda nayo kwenye agroveti, duka la pembejeo za kilimo, mjini, na pale kwenye rafu za kawaida nikakuta majina matatu ninayoyatafuta. Bamia ya Clemson Spineless ilishinda 1939. Kojeti ya Black Beauty ilishinda 1957. Batanati ya Waltham, lile boga lenye shingo, iliyozalishwa kwenye kituo cha utafiti cha Waltham huko Massachusetts, ilishinda 1970. Pakiti zetu hazisemi neno juu ya tuzo hizo, na bei yake ni ya kawaida kabisa. Zote tatu si chotara, kwa hiyo mkulima anaweza kujihifadhia mbegu. Ninawashauri wote wanaotamani mbegu za tuzo waanzie hapo.

Aina za karibuni zaidi nilizipata kwa muuza mbegu wa Nairobi anayeagiza kwa kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi zinakotoka. Najua wengi humwomba ndugu aliye ng'ambo atie pakiti kwenye sanduku la nguo. Msifanye hivyo, nawasihi. Sisi wa Bonde la Ufa tunakumbuka mahindi ya Bomet yalivyokauka mwaka 2011 kwa ule ugonjwa wa virusi wawili wanaoshirikiana, na mmoja wao anaweza kusafiri ndani ya mbegu. Kibali kinachelewesha, lakini kinalinda shamba la jirani.

Basi nikapanga matuta. Kila aina ya tuzo ilipata mstari wake, na pembeni yake mstari wa ile tuliyoizoea, siku moja, samadi ile ile, maji yale yale. Vibao vilikuwa na namba tu. Majina niliyaandika kwenye daftari lililokaa ndani ya nyumba. Wa kutoa alama walikuwa mama mkwe, aliyetoka Vihiga kuja kuishi nasi, jirani mmoja mwalimu mstaafu, na watoto. Nusu ya kila pakiti niliituma kwa dada yangu Kisumu, upande wa Kajulu, naye akapanda kwa utaratibu huo huo. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu wako 1,130 hivi. Mbegu za pakiti moja zilikuwa zinakwenda kwenye nchi mbili tofauti.

Bamia ndiyo iliyolithibitisha hilo wazi. Kajulu, Clemson ilipanda juu ikampita dada yangu kimo, ikazaa mfululizo, na maganda yake hayana vile vimiiba vinavyowasha mikono wakati wa kuchuma. Sifa hiyo ndiyo iliyoipa jina. Kwangu ilibaki fupi, ikatoa maganda machache na kukaa. Bamia ni mmea wa joto, na usiku wetu wa Julai si wa kwake. Alama yangu ilikuwa moja, ya dada tano. Hakuna aliyekosea kati yetu.

Kojeti nitaipita haraka. Ilizaa sana pande zote mbili, na watoto wakasema ni maji matupu.

Ya batanati ni ndefu zaidi. Niliipanda karibu na boga letu la kienyeji, lile ambalo mama mkwe alikuja na mbegu zake kwenye kitambaa. Kwa tunda, Waltham ilishinda bila ubishi: shingo imenyooka, matunda yanalingana, nyama ni nyingi na kiini cha mbegu kidogo, na yakikaa mahali pakavu hayaozi upesi. Majaji wa 1970 waliona sawasawa. Lakini mama mkwe alipita kwenye tuta asubuhi moja, akachuma ncha za mashina yanayotambaa ya mistari yote miwili, akazimenya nyuzi, akapika kila moja kwenye sufuria yake.

"Hii namba nne mliinunua ya nini?" akaniuliza baada ya kuonja.

"Ya tunda, Mama."

"Na wakati wa kungoja tunda mtakula nini?"

Kwao boga ni mboga ya majani kwanza. Seveve huchumwa wiki nyingi kabla tunda halijakomaa, na jikoni kwetu ndiyo inayoshikilia ugali kipindi ambacho sukuma imepanda bei. Majani ya batanati yalikuwa na ladha hafifu, na mmea ukichumwa ncha mara kwa mara matunda yalipungua. Kuanzia siku hiyo daftari langu lina safu ya majani, na safu hiyo ina uzito sawa na ya tunda. Ninaona hapo ndipo tunapopaswa kusimama imara: mbegu ipimwe kwa namna tunavyoila sisi. Tuzo ya wenzetu ni kweli kwa yale waliyoyapima.

Nimeendelea kupanda zote mbili, ila kwa tahadhari. Batanati na baadhi ya maboga ya kienyeji ni za spishi moja, na nyuki huzichanganya bila kuomba ruhusa. Ukitaka mbegu safi, jioni tafuta ua la kike na la kiume ambayo yatafunguka kesho yake, uyafunge midomo kwa uzi. Asubuhi fungua, lipake la kike chavua ya la kiume, kisha ulifunge tena na kuweka alama kwenye kikonyo. Tunda hilo ndilo la mbegu. Mengine kula.

Kwenye maua kuna jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha kwa wakulima wetu, nalo ni urefu wa mchana. Nakuru iko jirani kabisa na ikweta, mchana wetu ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Kaskazini, wakati wa kiangazi chao, mchana hupita saa kumi na nne, na kuna mimea isiyotoa ua mpaka ione mchana mrefu namna hiyo. Rudbekia ya Indian Summer, mshindi wa 1995, ni ya jamii hiyo, ndiyo maana sikuinunua ingawa picha yake ilinivutia mno. Vitunguu ni hivyo hivyo: aina za mchana mrefu zikipandwa huku hutoa majani mazuri bila kichwa, na ndiyo sababu agroveti zetu zimejaa Red Creole, ambayo mchana mfupi unaitosha.

Zinia na kosmosi hazina tatizo hilo, mchana mfupi unazifaa. Kosmosi ya Sensation, mshindi wa 1936, ilichanua kwangu na kwa dada. Zinia ya Profusion ndiyo niliyoipenda kuliko maua yote. Ilipata medali ya dhahabu mwaka 1999, nayo ni mzao wa zinia mbili: ile ya kawaida yenye maua makubwa na nyingine yenye majani membamba inayostahimili magonjwa. Zinia zetu za kawaida hushikwa na ubwiri unga, majani yakafunikwa na unga mweupe na mmea ukachakaa ungali mchanga. Profusion ilisimama kando yao ikiwa safi, fupi, imejaa maua, bila dawa hata tone. Mwalimu aliipa tano kabla sijamweleza chochote. Ila ni chotara, kwa hiyo mimi kila ninapoitaka upya hununua pakiti.

Spinachi ya Bright Lights, mshindi wa 1998, ina mashina mekundu, ya manjano, ya waridi na meupe kwenye tuta moja. Niliipanda sambamba na Fordhook Giant tunayoijua. Fordhook ilitoa majani mazito zaidi, lakini watoto waliokuwa wakikwepa spinachi walianza kuchagua rangi zao na kula. Spinachi ya aina hii huhitaji baridi ya majira ya kipupwe ili itoe maua, na kwa kuwa Nakuru haina baridi ya kiasi hicho, huchumwa miezi na miezi bila kupanda shina la mbegu. Mzazi mwenye watoto wadogo namshauri aipande. Kisumu ilipata madoa ya majani mvua zilipozidi.

Sasa nimegeukia mboga ambazo mashindano hayo ya mbali hayakuwekwa kwa ajili yake: mnavu, mrenda, saga, kunde, mito. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia miaka mingi akizitafiti, na mwaka 2014 akatunukiwa medali ya Edinburgh. Nilichukua mnavu wa majani mapana wa dukani, nikaupanda kando ya ule wa majani madogo wa mama mkwe, namba tu kwenye vibao. Ulipopikwa kwa maziwa, watoto na mwalimu walichagua wa majani mapana kwa kuwa si mchungu. Mama mkwe aliupa mbili. Wake wa kienyeji akaupa tano, akasema uchungu ndio mboga yenyewe. Nimegawanya tuta katikati, na mbegu za pande zote mbili zimeshakauka kwenye bahasha mbili za kupelekwa Kajulu, namba nje, majina ndani ya daftari.