Jaribio la niasini kwa vifaranga wa bata: nilivyolipanga hadi namba zikaaminika

Wafugaji wengi wa bata huwalisha vifaranga chakula cha kuanzia cha kuku wa nyama, kwa kuwa ndicho kinachopatikana dukani. Nilitaka kujua kama chakula hicho kina niasini (vitamini B3) ya kumtosha bata. Viwango vya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vya 1994 vinataka miligramu 55 kwa kila kilo ya chakula cha bata, wakati kifaranga wa kuku wa nyama anatajiwa 35. Sababu iko mwilini mwa bata mwenyewe: hawezi kugeuza triptofani, moja ya asidi amino zinazounda protini, kuwa niasini kwa kiasi cha kumtosha, na niasini iliyomo kwenye mahindi imefungwa, haimfikii. Akiikosa, miguu inapinda, kifundo kinavimba, na mwishowe anabaki amekaa, hafiki kwenye maji.

Chakula cha msingi nilikichanganya mara moja kwa jaribio zima. Katika kila kilo 100: mahindi 60, mashudu ya soya 30, dagaa 7, na kilo 3 zilizobaki ni chokaa, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi), chumvi, asidi amino za methionini na laisini, na premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kawaida ya kuku wa nyama. Hapo protini inafika kama asilimia 22 na nishati karibu kilokalori 2,900 kwa kilo. Dagaa wapimwe kwanza: tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, uone mchanga unaotua chini. Dagaa wenye mchanga mwingi wanashusha protini bila wewe kujua.

Mahindi ndiyo niliyoyachunga zaidi, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka. Kifaranga wa bata huumizwa nayo kuliko ndege karibu wote tunaowafuga. Miaka ya 1960 watafiti walimtumia kama kipimo chenyewe, wakimnywesha sampuli kisha wakichunguza mirija ya nyongo kwenye ini lake. Sumukuvu hudumaza ukuaji, na ikiwemo kwenye chakula utadhani unaona upungufu wa vitamini. Nilichukua mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13, yaliyopimwa na kukutwa chini ya mikrogramu 10 kwa kilo, kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya binadamu. Mashudu ya karanga, ambayo nayo hupata sumukuvu kwa urahisi, sikuyagusa kabisa.

Mchanganyiko huo niliugawa mafungu matatu: la kwanza bila nyongeza, la pili niasini miligramu 30 kwa kilo, la tatu 60. Kwa kilo 100, miligramu 30 kwa kilo ni gramu 3 tu, na gramu 3 hazisambai ukizimwaga moja kwa moja kwenye kilo 100. Nilizichanganya kwanza na kilo 1 ya chakula kilekile, kisha kilo 10, kisha zote. Fungu lisiloongezewa kitu nalo lilichanganywa kwa hatua na muda uleule.

Chakula cha unga hakifai kwa jaribio la bata. Kinaganda mdomoni, naye hukimbilia maji kukiosha. Nilikitengeneza punje kwa mashine ya kusagia nyama yenye matundu ya milimita 3, kwa maji ya moto kidogo, nikakianika kivulini. Niasini inavumilia joto na mwanga, lakini riboflavini (vitamini B2) huharibiwa na mwanga wa jua, na upungufu wake nao unagusa miguu.

Vifaranga walikuwa wa bata Muskovi, hawa tunaowaona vijijini, wote wa mtotoleo mmoja. Mayai yao huchukua takriban siku 35. Bata hawa wana jambo linaloharibu majaribio mengi: dume mkubwa anaweza kufika karibu mara mbili ya uzito wa jike. Kizimba kikipata madume matano na kingine mawili, tofauti utakayoipima ni ya jinsia. Kwa hiyo nilitenganisha jinsia kwa kukagua tundu la haja siku ya kwanza, nikaweka madume 4 na majike 4 kila kizimba, vizimba 6 kwa kila chakula. Vizimba vilipangwa kwa makundi, kuanzia vya karibu na mlango hadi vya ndani, na kila kundi likapata vyakula vyote vitatu kwa kura. Alama niliweka kwa kutoboa utando wa vidole. Pete ya mguu hubana haraka bata anapokua.

Kazi ngumu kuliko zote ni kujua wamekula kiasi gani kweli. Bata huchota chakula, huenda kwenye maji, na sehemu hubaki humo. Anahitaji maji ya kina cha kuzamisha matundu ya pua, la sivyo pua na macho vinaziba, kwa hiyo huwezi kumpunguzia kina ili kuokoa chakula. Nilijaza vihori theluthi tu, nikavitenga mbali na maji, na sakafu ikawa wavu juu ya trei. Maji ya kila kizimba yalichujwa kwa kitambaa cha pamba, masalia yakakaushwa na kupimwa. Hata hivyo sehemu ya chakula huyeyuka na kupita kwenye kitambaa. Ili kuirudisha hesabuni, loweka gramu 100 za chakula muda uleule, chuja, kausha. Zikirudi gramu 80, basi kila uzito wa masalia unaugawa kwa 0.8. Bila marekebisho haya utaandika kwamba wamekula chakula kilichomwagika, na bata ataonekana mlafi asiyekua.

Kupima uzito nilifanya asubuhi kabla ya kulisha, vyombo vya maji vikiwa vimeondolewa saa moja kabla, kwa kuwa manyoya yaliyolowa yanaongeza gramu za uongo. Aliyekufa alipimwa siku hiyohiyo, na uzito aliokuwa ameongeza ukaingia kwenye hesabu ya kizimba chake, kwa sababu chakula alichokula kimo tayari.

Kwenye uchambuzi, idadi ya marudio kwa kila chakula ni 6, siyo 48. Bata wanane wanaokula kihori kimoja ni kipimo kimoja. Ukiwahesabu mmojammoja, tofauti ndogo ya bahati itaonekana kubwa, na mfugaji atanunua vitamini asiyoihitaji.

Miguu niliipa alama 0 hadi 3 kila wiki: anatembea sawa, anachechemea, anakaa akisukumwa, hasimami. Mtoa alama hakuambiwa kizimba kipi kinakula nini. Mifuko ya chakula ilikuwa na rangi tu, na orodha ya rangi ilifungwa mpaka alama ya mwisho ilipoandikwa.