Sasa mwezi ukiandama jiko limeshazimwa

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, na siku za kawaida tunalala watu watano. Usiku wa kuamkia Idd tunafika kumi na saba: mawifi zangu na watoto wao kutoka Dar, shangazi kutoka Pangani, na vijana ambao hata sijui wamekuja na nani. Wote wanataka kupiga pasi, wote wanataka chai, na Mama anataka nyumba nzima inukie udi.

Wenzetu wa Krismasi tarehe yao wanaijua tangu Januari. Sisi tunangoja mwezi. Jua la siku ya 29 likizama hujui kama kesho unafunga au unapika pilau, na tangazo likija usiku, kazi ya siku mbili inabanwa kwenye saa chache. Miaka mitatu iliyopita, usiku kama huo, nusura tuunguze nyumba.

Nilikuwa nakaanga sambusa. Karai limeshika mafuta nusu, gesi nimeifungulia mpaka mwisho ili yapate moto upesi. Huko ukumbini nikasikia kelele: "Mwezi umeandama!" Nikatoka na mwiko mkononi. Takbira, kukumbatiana, simu ya kaka aliyeko Muscat, mtoto wa wifi analia kiatu kinambana. Nilikaa huko dakika ngapi, Mungu anajua. Aliyenishtua ni shangazi: "We mwanangu, mbona moshi?"

Mafuta yenyewe yalikuwa yanawaka, moto umesimama wima na umeshaanza kulamba pazia la dirisha. Shangazi akachota maji kwenye ndoo. Nikamdaka mkono mpaka kata ikamponyoka. Hadi leo ananisema kwamba siku hiyo nilimkosea adabu. Nikazima gesi, bahati jiko letu swichi ziko mbele, kisha nikachukua sinia la pilau, nikajikinga nalo na kulisukuma taratibu juu ya karai. Wifi alilivuta pazia chini akalikanyaga kwa viatu. Moto ukakosa hewa, ukafa. Tukashusha pumzi. Dakika tano hazijapita, kijana mmoja akafunua ili atazame. Moto ukaruka tena, nyusi zake zikaenda nao. Tukafunika upya, na safari hii hakuna aliyeligusa mpaka alfajiri.

Jirani yetu aliyewahi kuwa askari wa zimamoto alinieleza kesho yake, tukiwa barazani na sahani ya visheti. Mafuta ya kupikia yakifika kuwaka yenyewe yameshapita nyuzi 300. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama chini, na huko chini yanageuka mvuke papo hapo. Mvuke huo unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya maji yaliyomwagwa, ndiyo maana unayarusha mafuta yanayowaka hadi darini. Kata moja ya shangazi ingetosha. Na yule kijana aliyapa hewa mafuta ambayo bado yalikuwa na joto la kujiwasha.

Nilinunua mtungi wa kuzimia moto, upo mlangoni mwa jiko. Lakini nilipokaa kuwaza niliona kilichotuponza ni haraka ya mwandamo, na haraka haina mtungi wa kuizima. Nikaamua kuihamisha kazi.

Sasa sambusa zinafungwa siku ya 25 ya mfungo na kuingia friza. Nguo za Idd za watoto wote zinapigwa pasi siku ya 27. Kukaanga ni siku ya 29 baada ya alasiri, na magharibi ikiingia jiko limezimwa. Mwezi usipoandama, tunazifuturia kesho yake, hasara iko wapi? Wifi mkubwa alinuna: "Sambusa ya jana si sambusa." Tukapatana kwamba za kwake atakaanga asubuhi ya Idd, karai dogo, na mwenye mwiko hatoki jikoni hata akiitwa na nani. Akitoka, gesi kwanza.

Pasi nilizihamisha kwa sababu nyingine pia. Tulikuwa na ekstensheni moja inayopita chini ya mkeka, imechomekwa pasi, jagi la umeme na friji. Fundi alinifanyia hesabu: plagi ya ampea 13 kwa umeme wa volti 230 inabeba takriban wati 3,000. Jagi peke yake lilikuwa wati 2,000, pasi 1,600. Alipoichomoa, upande mmoja wa plagi ulikuwa umeiva rangi ya kahawia kama ukoko. Tumeitupa. Jagi limepewa soketi yake ukutani.

Kazi ngumu ilikuwa udi. Mama hufukiza nguo kwa kuzitandaza juu ya tenga lililopinduliwa, chetezo kiko chini na makaa yake, halafu anakwenda kusali. Nilipomwambia ni hatari akanitazama: "Nimefukiza kabla hujazaliwa." Basi sikubishana naye. Nilileta sinia la zamani, nikalijaza mchanga, nikamwomba chetezo kikae humo, na mjukuu wake wa miaka kumi na tano akae hapo mpaka makaa yapoe. Mjukuu alikubali kwa sababu anapata chaji ya simu karibu. Chumbani kwake, hata hivyo, Mama bado anafukiza mlango umefungwa. Hapo nimeshindwa.

Kinachonitisha zaidi ya hayo yote ni kufuli. Madirisha yetu yote yana nondo, na mlango wa geti la chuma tulikuwa tukiufunga usiku na ufunguo unalala chini ya mto wa Mama. Watu kumi na saba ndani, nusu yao hawaujui hata mlango wa uani uko wapi. Sasa ufunguo unaning'inia kwenye msumari pembeni ya mlango, mbali kidogo na mkono wa mtu wa nje, na kila mgeni akifika namwonyesha kabla hajaonyeshwa choo. Namba ya zimamoto, 114, nimeiandika kwa chaki hapo hapo.

Idd iliyopita mwezi ulipotangazwa nilikuwa nimekaa kwenye kochi, miguu nimeinyoosha. Nilipiga takbira mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Shangazi alikuwa jikoni anatafuta chombo cha tende. Akatoka na lile sinia la pilau, lina duara jeusi katikati ambalo halikutoka hata kwa jivu na steelwaya.

"Hili nalo mnapakulia wageni?"

"Hapana, shangazi. Lirudishe pale pale kwenye ndoano."