Kufuli la Nintendo, na kwa nini Master System ilikosa gemu

Kwa rangi, Master System, konsoli ya Sega, iliipita NES ya Nintendo: 32 kwa wakati mmoja dhidi ya 25. Hata hivyo Marekani ilipata kampuni mbili tu za nje za kuitolea gemu, Activision na Parker Brothers. Tatizo lilikuwa mkataba wa Nintendo. Kampuni ya nje iliruhusiwa gemu tano kwa mwaka kwenye NES, na gemu iliyotoka NES haikuweza kwenda konsoli nyingine kwa miaka miwili. Katriji zilitengenezwa na Nintendo yenyewe, zikalipiwa kabla. Zikidoda, hasara ni yako. Konami ilijitungia jina la pili, Ultra Games, ili ipate nafasi tano nyingine.

Mlinzi wa mkataba huo alikuwa chipu ya 10NES, moja ndani ya konsoli na nyingine ndani ya katriji. Zisiposikilizana, konsoli inajizima na kujiwasha kila sekunde. Kwa hiyo NES inayopepesa taa huwa mara nyingi haijafa, ni uchafu tu. Safisha meno ya katriji kwa spiriti ya isopropili, kisha kiunganishi cha pini 72. Usipulize kwa mdomo, mate yanaleta kutu. Ikiendelea, kata mguu wa 4 wa chipu ya kufuli kwenye ubao wa konsoli (3193A kwa NES za Marekani), uinue, uuunganishe na graundi. Usiguse chipu ya katriji. NES ya 1993 inayopakiwa kwa juu haina kufuli hilo.

Mega Drive, konsoli ya Sega iliyofuata, nayo ilianza na ukame wa gemu. Sega ililazimika kuzihamisha yenyewe gemu za Capcom kama Ghouls 'n Ghosts na Strider. Kampuni ya gemu ya Electronic Arts ikaichambua mashine bila ruhusa, kisha mwaka 1990 ikaenda mezani na Sega na kupata masharti nafuu, pamoja na haki ya kujitengenezea katriji. Ubabe ulilipa.

Sega ikajibu kwa kufuli lake, TMSS. Anayeandika gemu ya Mega Drive leo bado anakutana nalo: soma baiti iliyo kwenye anwani ya $A10001, angalia biti nne za chini. Zikiwa sifuri, endelea. Zisipokuwa sifuri, andika herufi nne SEGA kwenye $A14000 kabla hujaigusa chipu ya picha. Ukisahau, mashine inaganda, na emyuleta nyingi (programu zinazoiga konsoli) hazitakuonya. Accolade, kampuni ya gemu isiyo na leseni ya Sega, iliandika herufi hizo, ikashtakiwa na Sega, na mwaka 1992 mahakama ya rufaa ikaipa haki.

Baada ya hapo gemu zilezile zilianza kutolewa kwa pande zote mbili, na ndipo kulinganisha Mega Drive na SNES, konsoli ya Nintendo iliyofuata NES, kunapokuwa na maana. Mortal Kombat ya 1993, chukua ya Mega Drive: bonyeza A B A C A B B kwenye skrini ya maandishi ya mwanzo, damu iliyofichwa inarudi. SNES ina jasho tu badala ya damu, ingawa picha zake ni nzuri zaidi. Street Fighter II kwenye Mega Drive bila pedi ya vitufe sita ni mateso.