Jinsi nilivyorudisha menyu ya kushoto kwenye kihariri cha WordPress
Katika ofisi yetu ndogo hapa Kinondoni, Dar es Salaam, kihariri cha WordPress (ukurasa wa kuandikia makala katika programu hii ya kuendeshea tovuti) kilikuwa kikifunguka kwa skrini nzima, menyu ya kushoto ikiwa imetoweka. Kufuta kumbukumbu za kivinjari hakukusaidia, wala kuhamia kompyuta nyingine, kwa kuwa tangu toleo la WordPress 6.1 la mwaka 2022 mapendeleo ya mpangilio huhifadhiwa kwenye akaunti ya mtumiaji. Kilichofaa ni kubofya nukta tatu zilizopangana wima kwenye kona ya juu kulia, kisha kuondoa alama ya vema kwenye chaguo la skrini nzima. Menyu ikarudi papo hapo. Kila mwandishi afanye hivyo akiwa ndani ya akaunti yake, maana marekebisho ya mmoja hayamfikii mwenzake.