Nilivyorekodi dramu za umeme kwa MIDI, na hai-hati iliyonitoa jasho

Siku ya kwanza nilichomeka waya wa USB kati ya moduli ya dramu (kisanduku kinachopokea mapigo ya pedi na kutoa sauti zake) na kompyuta, nikafungua programu ya kurekodia, nikapiga dakika nne bila kusimama. Nilipojirudishia kusikiliza, nikasikia piano. Kiki (ngoma kubwa ya mguu) ilikuwa noti nzito za upande wa kushoto, snea (ngoma kali ya katikati) ikigonga juu yake kidogo, na matoazi yakilialia kulia kwake kama mtoto aliyeachiwa kinanda. Nilicheka, kisha nikakasirika, maana nilidhani nimepoteza dakika nne nzuri.

Kumbe sikupoteza kitu. Ile traki, yaani mstari wa kurekodia, ilikuwa imepewa piano, basi. MIDI haibebi sauti hata chembe. Inabeba taarifa: imepigwa noti namba fulani, saa fulani, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 1 na 127. Sauti unaivisha baadaye. Kwa mpangilio uliozoeleka, kiki ni noti 36, snea 38, hai-hati (matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa pedali) iliyofungwa 42, iliyofunguliwa 46, toazi la krashi 49 na la raidi 51. Nikaondoa piano, nikaweka dramu, na dakika zangu nne zikafufuka zilezile.

Zilifufuka na kasoro zake. Nilipojaribu kupiga tena huku nasikiliza dramu za kompyuta, kila pigo lilisikika mara mbili: moja kutoka kwenye moduli, jingine linafuata nyuma. Jibu lilikuwa mawili kwa pamoja. Kwanza, hedifoni nikaihamisha kutoka kwenye moduli kwenda kwenye kompyuta, nisikie chanzo kimoja tu. Pili, nikapunguza bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulitoa. Ilikuwa sampuli 1024, ambazo kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 23, tena hapo sijahesabu ucheleweshaji mwingine wa njiani. Mpiga dramu anazisikia hizo mikononi. Unaanza kupiga mapema ili kufidia, na wimbo unakimbia. Nikashusha hadi 128, yaani milisekunde 3 hivi, na fimbo zikarudi kuwa zangu. Kompyuta ilianza kukwaruza sauti kidogo, nikafunga programu nyingine zote, ikatulia.

Sasa hai-hati. Hii ilinilia siku mbili.

Kwenye moduli ilikuwa sawa kabisa. Kwenye kompyuta ilisikika imefunguka nikiwa nimekanyaga pedali, na imefungika nikiondoa mguu. Nilibadilisha waya, nikazima na kuwasha, nikashuku pedali imekufa. Mwishowe nikafungua orodha ya matukio, ule ukurasa wa namba tupu ambao wengi wetu tunaukimbia, nikakanyaga polepole huku natazama. Pedali yangu ilikuwa inatuma kontrola namba 4, taarifa ya MIDI inayosema pedali iko wapi, ikipanda taratibu toka 0 hadi 127 kadiri ninavyokanyaga. Sauti za dramu nilizotumia zilisoma kinyume: namba kubwa kwao ni hai-hati iliyo wazi. Kwenye mipangilio yake kulikuwa na kisanduku kidogo cha kugeuza. Nikakiweka tiki. Siku mbili, tiki moja.

Hata hapo haikuniachia. Nilinakili baa nane za ubeti wa kwanza kwenda ubeti wa pili, na hai-hati ikabaki wazi mpaka kwenye kiitikio. Nilikuwa nimenakili noti peke yake na kuziacha zile namba za pedali. Tangu hapo nikinakili chochote cha dramu, naangalia kwanza kama kontrola 4 imefuatana na noti zake.

Usafi mwingine ulikuwa mwepesi. Nyundo ya kiki ilikuwa inadunda na kuacha noti dhaifu ya pili mara tu baada ya ile halisi. Nikazifuta zote zenye nguvu chini ya 15, na kwenye moduli nikapandisha kidogo kizingiti, yaani nguvu ya chini kabisa inayohesabiwa kuwa pigo. Tomu (ngoma ya pembeni) ikipigwa sana ilitikisa stendi na toazi la jirani likajiandikisha. Hayo pia nikayafuta.

Kitu ambacho sikuweza kukirekebisha ni snea. Pedi ilikuwa imewekwa kuwa sikivu mno, kwa hiyo pigo la wastani na pigo la hasira yote yaliandikwa 127. Watu husema MIDI inasamehe kila kitu, lakini pigo likishagonga dari, tofauti yake haikuandikwa popote, na kuchora namba kwa kipanya ni kukisia tu. Nikapunguza usikivu wa pedi hadi pigo langu la kawaida likawa kwenye 90 hivi, nikarekodi upya. Yale mapigo ya chinichini kati ya snea kubwa, ambayo mwanzo yalisikika kama risasi, yakapata heshima yake.

Kunyoosha mapigo kwenye gridi, yaani kuyavuta yakae sawasawa kwenye mistari ya mdundo, nilikujaribu kwa asilimia 100 na nikakujutia. Ilikuwa safi kama mashine ya kushona. Nikarudisha, nikavuta kiki na snea kwa asilimia 50 tu, hai-hati sikuigusa. Inachelewa kidogo kwenye kiitikio, na mimi ndivyo ninavyopiga.

Limebaki toazi la mwisho. Wimbo unaishia kwa krashi moja kubwa, kisha nalishika kwa mkono linyamaze. Moduli ilituma taarifa ya mkono kushika, ila sauti nilizochagua hazikuijali, na toazi likaendelea kulia peke yake baada ya bendi nzima kunyamaza. Nikalipa traki yake, nikachora mstari wa kushusha sauti. Ukisikiliza kwa hedifoni utagundua linakatika haraka kuliko mkono wa mtu yeyote.