Mzunguko wa Tatu

"Babu, hapa amechoka au anawasubiri?"

Mjukuu wangu alikuwa ameshika simu yangu, anatazama filamu ya Christchurch kwa mara ya nne jioni ile. Alikuwa ameisimamisha picha na kuweka kidole juu ya Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, mahali fulani baada ya mita 800, pale pengo linapoanza kupungua. Ana miaka 11 tu. Nilinyamaza, kwa sababu swali hilo nilipaswa kuliuliza mimi kabla ya Julai 1985, na sikuliuliza.

Mbio zenyewe ni hizi. Tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand. Bayi wa Karatu, miaka 20, anachomoka bastola inapolia na kuwaacha wenzake wakitazamana. Mita 400 anapita chini ya sekunde 55, mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 52 hivi, na nyuma yake wamo Ben Jipcho wa Kenya na John Walker wa New Zealand, watu wasioachwa hivi hivi. Anamaliza kwa 3:32.16, rekodi mpya ya dunia; ile ya Jim Ryun, 3:33.1, ilikuwa imekaa tangu 1967. Walker anafika kwa 3:32.52, naye chini ya rekodi ya zamani, na Jipcho kwa 3:33.16. Kwa kasi waliyokuwa nayo, Bayi na Walker walitengana kama mita mbili na nusu mstarini. Rekodi hiyo ya michezo ilidumu miaka 48, mpaka Birmingham 2022.

Sisi tuliipata kwa masikio. Ilikuja kwa redio, ikaja kwa gazeti, kisha ikawa hadithi ya kila mwalimu wa michezo kwa kila mwanafunzi mwenye miguu: alitoka mbele, akamaliza mbele. Hadithi ilihifadhi mzunguko wa kwanza na mstari wa mwisho. Katikati hapakuwa na kitu, na mimi sikuona kwamba pana tundu.

Kijana wetu wa kidato cha tatu, mwanafunzi niliyekuwa namfundisha mbio, alilelewa na hadithi hiyo. Alikuwa mwembamba, hatua ndefu, kisigino chake kikigusa ardhi kama mtu anayeogopa kuamsha watu. Muda wake bora ulikuwa 4:04, na kwa mashindano ya mkoa ya Julai 1985 tulilenga dakika 4 kamili. Hesabu yake ni rahisi: mita 1,500 ni mizunguko mitatu na robo tatu, kwa hiyo dakika 4 ni sekunde 64 kwa kila mzunguko.

Kuna jambo moja ambalo walimu wengi hulikosea hapo, nami nalisema kila ninapopata nafasi. Mbio za mita 1,500 hazianzii kwenye mstari wa kumalizia. Zinaanzia mwanzo wa mnyoosho wa upande wa pili, mita 300 kabla ya kumaliza. Ukisimama mstari wa kumalizia na saa yako, mkimbiaji atakupitia akiwa na mita 300, kisha 700, kisha 1,100 kengele ya mzunguko wa mwisho inapogongwa. Kwa lengo la dakika 4, hapo unataka sekunde 48, kisha 1:52, kisha 2:56. Nimewahi kumsikia mwalimu akiita "arobaini na nane!" kwa furaha, akidhani ni mita 400, na mkimbiaji wake akaamini kwamba ana kasi ya ajabu. Ukitaka kumwitia mita 400, 800 na 1,200, nenda kasimame pale wanapoanzia. Huko ndiko niliposimama mimi siku hiyo.

Uwanja ulikuwa wa nyasi. Tuliupiga chokaa jana yake kwa kamba na kigingi: minyoosho miwili ya mita 84.39, kona mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.60. Penye ukingo ulioinuka, umbali hupimwa sentimita 30 kutoka ukingoni; penye mstari wa chokaa mtupu, sentimita 20. Watu huona ni udogo wa mambo. Lakini mtu akikimbia mita moja nje ya mwenzake kwenye kona moja tu, ameongeza mita 3 na zaidi kidogo. Hiyo ni faida mojawapo ya kwenda mbele: unashika ndani, hakuna anayekukanyaga wala kukupiga kiwiko. Hasara yake ni upepo. Asubuhi ile ya Julai ulikuwa unavuma kwenye mnyoosho wa upande wa pili, ukimpiga mkimbiaji usoni, na anayeongoza huupokea wote kifuani huku wanaomfuata wakijificha mgongoni mwake.

"Mwalimu, nitoke kama Bayi?"

"Toka," nilimwambia.

Alitoka. Mzunguko wa kwanza aliukimbia kwa sekunde 57. Niliita "hamsini na saba!" na sauti yangu ilikuwa na furaha ambayo ningependa kuirudisha. Sekunde 57 kwa mtu wa 64 ni deni. Mbio hizi huendeshwa zaidi na hewa unayovuta. Ukizidisha kasi mapema, misuli inafanya kazi ambayo hewa haitoshi kuihudumia, na kinachokusanyika miguuni humlipisha mtu baadaye, si pale pale. Ndiyo maana mkimbiaji mwenyewe hajui. Pale mita 400 anajisikia mwepesi kuliko siku zote za maisha yake. Anayetakiwa kujua ni mwenye saa.

Mita 800 alipita kwa 2:01. Kundi lilipita kwa 2:09. Sekunde 8 ni kama mita 50, na watoto wa shule yetu walikuwa wameshaanza kuimba jina la Bayi.

Kisha mzunguko wa tatu. Huo ninauona mpaka leo, hatua kwa hatua.

Aliingia kwenye upepo. Kwa mita 50 za kwanza hakuna kilichobadilika ukimtazama kutoka nyuma. Halafu mabega yalipanda. Yalipanda kidogo tu, kama mtu anayesikia baridi shingoni, na ukishaliona hilo kwa mkimbiaji wa mita 1,500 unajua kilichobaki. Bega likipanda mkono unakaza, mkono ukikaza unaanza kukata kifua badala ya kwenda mbele na nyuma, kiuno kinazunguka, na goti halipandi tena. Alipofika kona, mita 900, vidole vyake vilikuwa vimefumba ngumi. Nilimwona akitikisa mkono wa kulia mara moja, kuulegeza, kama nilivyomfundisha. Ukalegea kwa hatua tatu, ukafumba tena.

Kwenye mnyoosho wa mbele watu walikuwa wanamshangilia na yeye alijaribu kuwajibu. Hapo ndipo alipoharibu kilichosalia: alirefusha hatua kwa nguvu. Mtu aliyechoka akirefusha hatua, mguu unatua mbele ya mwili wake, na kila unapotua ni breki. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja, siwezi kumfikia kwa sauti. Kengele ikagongwa, mita 1,100. Aligeuza kichwa. Walikuwa mita kama 20 nyuma yake, wametulia, wanne katika mstari mmoja.

Ile kona ya kuja kwangu ilimchukua muda mrefu. Nilisikia miguu yake kabla hajafika. Kisigino kile kilichokuwa hakisikiki sasa kilikuwa kinapiga nyasi, pa, pa, pa, na pumzi ilikuwa inatoka kwa mkwaruzo. Alinitazama machoni. Saa ilisema 3:13. Mzunguko ule mmoja ulikuwa umechukua sekunde 72. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwitia muda, nikaufunga. Sekunde moja baadaye kundi lilipita.

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Mshindi alimaliza kwa 4:01, kijana wetu wa nne kwa 4:09. Alilala kwenye nyasi, nikamvua viatu vya misumari, nikamwinua atembee. Aliponipata kwa macho aliuliza, "Mwalimu, Bayi alifanyaje?"

Nilimjibu kwamba Bayi ni Bayi. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Miaka mingi ilipita kabla sijaiona filamu. Siku nilipoiona kwa mara ya kwanza nilikaa na saa yangu ya kubonyeza, nikapima. Mzunguko wa tatu wa Bayi ulitoka karibu sekunde 58 na nusu. Mita 300 za mwisho, kama sekunde 41 na nusu. Gawanya: 41 na nusu kwa mita 300 ni mwendo wa sekunde 55 na kidogo kwa mzunguko. Yaani mtu yule alipunguza akiwa mbele, mbele ya macho ya dunia nzima, kisha akaongeza tena.

Na hakupunguza kama kijana wetu. Tazama mabega: yako chini. Hatua haijarefuka wala kufupika sana. Amelegeza tu, kama dereva anayeondoa mguu kwenye mafuta bila kugusa breki. Pengo linapungua, wa nyuma wanaona samaki anakuja kwenye ndoano, wanaongeza. Wao wanaulipia mzunguko wa tatu, yeye anaupumzikia. Walker anamfikia karibu kabisa kwenye mnyoosho wa mwisho, na hapo Bayi ana kitu cha kutoa. Sisi tulipokea hadithi ya mtu aliyekimbia bila kuangalia nyuma. Nilichokiona ni mtu aliyejua kuvuta pumzi akiwa anaongoza.

Baada ya hapo nilibadili mazoezi. Kwa mkimbiaji wa dakika 4, mara moja kwa wiki: mita 1,100 mara 3, pumziko dakika 8 za kutembea na kukimbia polepole. Mita 400 za kwanza kwa sekunde 63, 400 zinazofuata kwa 67, na 300 za mwisho kwa 46. Kazi yote iko kwenye ile 67. Vijana wengi huharibu kwa njia mbili: ama hawapunguzi kabisa kwa sababu wanaona aibu, ama wanapunguza kwa kukata, 71 au 72, na mwili unapoa, kuurudisha ni kazi nyingine. Kupunguza kwa sekunde 4 na kubaki umelegea ni ufundi wa miezi. Anayekimbia nyuma ya wengine hahitaji kuujua, kundi linampunguzia. Anayetaka kuongoza, bila huo asiongoze.

Kijana wetu hakuyapata mazoezi hayo. Mwaka uliofuata alikimbia akijificha kwenye kundi mpaka mita 1,300 na akawa wa pili kwa 4:01. Tulimpongeza wote. Alikimbia vizuri, kwa akili, na sikumwona tena akitoka mbele katika mbio yoyote mpaka alipomaliza shule. Huwa najiuliza kama hiyo ilikuwa faida. Zile mita 800 za Julai, nyepesi vile, hakuwahi kuzirudia, na sijui kama ni upepo uliozichukua au ni jibu langu.

Kisha kuna Moscow, Olimpiki ya 1980, ambayo hainiachi nijibu kwa urahisi. Olimpiki ya Montreal 1976 hatukwenda, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu ya ziara ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini, na Bayi na Walker hawakukutana. Mwaka 1980 Bayi alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji: vizuizi 28 na madimbwi 7. Akatoka mbele vile vile, akawaacha mbali. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland alimfikia na kumpita, 8:09.70 kwa 8:12.48. Fedha ile na ya Suleiman Nyambui ya mita 5,000 ndizo medali za Olimpiki tulizo nazo. Nimeitazama mbio hiyo pia. Bayi, aliyeujua mzunguko wa tatu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpima kwa saa, naye alifikiwa. Vizuizi havimruhusu mtu kulegea. Kila kimoja kinakudai uongeze ili uruke. Au labda siku hiyo alikuwa amekopa zaidi. Nikiitazama naona sababu zote mbili.

Mjukuu alikuwa bado ananisubiri, kidole kwenye kioo.

"Babu?"

Niliingia chumbani nikaitoa saa kwenye droo. Kitufe chake kimekuwa kigumu, kinataka kidole gumba. Nilimwekea mkononi.

"Rudisha nyuma kidogo," nilimwambia. "Hapo, mita 800. Bonyeza akipita mstari wa kuanzia, sio ule wa kumalizia. Halafu usitazame miguu. Tazama mabega."