Nilivyovusha nyumba yangu Mto Ruvuma

Nilikaa Pemba miaka tisa. Nikisema Pemba wengi hudhani nasema kisiwani, kwenye karafuu. Mimi nasema Pemba ya Msumbiji, makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado, ambako nilikuwa mpishi mkuu wa nyumba moja ya wageni. Mwaka 2015 miguu ya mama ilianza kumsumbua. Ndugu zangu wako mbali, nikaona zamu ni yangu kurudi Mtwara.

Mpaka leo hunipigia simu watu wa kwetu walioko ng'ambo ya mto, na swali lao ni moja: "Dada, nikirudi na vitu vyangu, forodha watanitoza?" Nimechoka kujibu nusunusu kwenye simu, kwa hiyo naandika yote niliyopitia.

Mimi mwenyewe nilianza na imani iliyo mbovu. Nilidhani kitanda changu ni changu, nikivuka nacho hakuna wa kuniuliza. Bahati nzuri, kabla ya kufunga hata boksi moja nilimpigia wakala wa forodha aliyeko Mtwara mjini, kijana niliyesoma na dada yake. Akanieleza kwamba msamaha upo, umeandikwa katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Anayehamisha makazi, mradi ametimiza miaka 18, husamehewa nguo zake, vitu vyake binafsi na vya nyumbani alivyokuwa akivitumia kule anakotoka, na gari moja.

"Dada, shika hilo neno 'alivyokuwa akivitumia'," akaniambia. "Wewe kazi yako ni kuonyesha kwamba vitu hivi vimeishi na wewe."

Kisha akaniuliza gari nimenunua lini. Nikamwambia mwisho wa Aprili 2015. Tulikuwa Novemba, na nilipanga kuondoka Desemba ili Krismasi inikute nyumbani. Akanyamaza kidogo. Gari linalosamehewa lazima uwe umelimiliki na kulitumia nje ya Jumuiya kwa angalau miezi 12. La kwangu lilikuwa na miezi saba. Lisiwe basi la abiria zaidi ya 13, wala la kubeba mzigo unaozidi tani mbili, lakini hapo sikuwa na shida, kwa kuwa langu lilikuwa gari dogo la nyumbani. Shida ilikuwa kalenda.

Usiku ule sikulala. Kuliuza gari na kununua lingine Mtwara kungenigharimu zaidi, na kulipia ushuru wake nisingeweza. Nikamwomba binamu yangu akae na mama, mimi nikaomba mkataba wangu uongezwe hadi Mei 2016. Miezi ile mitano iliniuma, siwezi kusema vinginevyo. Lakini ndiyo iliyonipa nafasi ya kutengeneza karatasi, na karatasi ndizo zilizonivusha.

Nilianza na DIRE, kile kitambulisho cha ukazi wanachopewa wageni Msumbiji. Nilikuwa nimetunza nakala za miaka yote, maana kila ilipohuishwa niliiweka ya zamani kwenye bahasha. Nikaongeza pasipoti zote mbili, iliyokwisha na mpya, zenye mihuri ya kuingia na kutoka. Mwajiri akaniandikia barua kwamba mkataba umekwisha na narudi kwetu. Katibu wa mtaa akanipa declaração kuthibitisha kwamba nimeishi pale. Za gari zilikuwa livrete, yaani kadi ya gari, na título de propriedade, hati ya umiliki, zote kwa jina langu. Jambo hili la jina wengi hulipuuza. Gari unaendesha wewe, lakini kwenye hati limeandikwa jina la shemeji au la aliyekuuzia, na hujabadilisha kwa kuona gharama. Mbele ya forodha gari hilo ni la shemeji.

Halafu orodha. Hii niliifanya kwa siku sita, jioni baada ya kazi, na kama kuna kazi moja ningewasihi watu wasiifanye kwa haraka ni hii. Sikuandika "vyombo vya jikoni, boksi 3". Niliandika sufuria ngapi, za ukubwa gani, zimenunuliwa mwaka gani, leo zina thamani gani. Cherehani niliandika hadi namba iliyochongwa kwenye chuma chake. Televisheni, pasi, feni na redio nazo nikaandika namba zake. Kila boksi nikalipa namba inayolingana na ukurasa wa orodha. Vitu vikafika 143. Nikaandika kwa Kireno upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, nikaenda kwa watu wa Alfândega, yaani forodha ya Msumbiji, wakaigonga muhuri.

Wakala aliniuliza pia kuhusu fedha taslimu, kwa sababu mtu anayevuka na dola 10,000 au zaidi, au kiasi kinacholingana, anatakiwa kutoa tamko. Zangu hazikufika huko. Halafu fundi wangu alinishauri nipakie matairi manne ya mtumba, eti Mtwara ni ghali. Nilipomtajia wakala akasema niyaache palepale: matairi yaliyotumika ya magari madogo yako kwenye orodha ya bidhaa zilizopigwa marufuku kuingia. Nikamgawia fundi mwenyewe.

Njia ya karibu ilikuwa Kilambo, kwa kivuko, lakini pale mto unategemea maji kujaa na kupwa, na lori langu lilikuwa limepakia hadi juu. Nikachagua Daraja la Umoja, kati ya Negomano ya Msumbiji na Mtambaswala ya kwetu, lile la mita 720 lililofunguliwa mwaka 2010 na Rais Kikwete na Rais Guebuza. Lori nilipata la mtu wa Masasi aliyekuwa ameshusha mzigo Mueda na alikuwa anarudi tupu, ndiyo maana bei yake niliimudu. Kutoka Mueda kwenda Negomano barabara ilikuwa bado ina matope ya masika, tukalala njiani usiku mmoja. Niliposimama katikati ya daraja na kuona upande wa kwetu, nililia.

Mtambaswala tulifika tarehe 14 Mei asubuhi. Uhamiaji hawakunichelewesha. Kwa forodha nilikabidhi bahasha yangu, na afisa, mama wa makamo mwenye miwani, akaisoma yote. Hakuruka ukurasa. Kisha akasema, "Haya mwanangu, tushuke tukaangalie."

Alichagua boksi saba bila mpangilio. Boksi namba 11, ukurasa wa pili: sufuria sita, mwiko, kinu cha plastiki, birika. Zikatoka sufuria sita, mwiko, kinu, birika. Boksi la 19, vilevile. Akageuza cherehani, akasoma namba, akatia alama. Baada ya boksi la nne niliona uso wake umelegea. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku sita za kuandika hazikupotea.

Lakini sikupita kwa usafi wote.

Nilikuwa na friji mpya. Nilikuwa nimeinunua wiki mbili kabla ya safari, ikiwa bado kwenye boksi lake, nikijua mama anahitaji. Niliiandika kwenye orodha, na hilo lilinisaidia, kwani hakuna aliyeniona nimeficha. Ila haikuwa kitu nilichokuwa nikikitumia. Akaniuliza kama nina cheti cha uasili cha SADC, kwa sababu Tanzania na Msumbiji zote zimo katika eneo huria la biashara la SADC, na bidhaa iliyotengenezwa ndani ya eneo hilo ikiwa na cheti hupata nafuu ya ushuru. Mimi nilikuwa na risiti ya dukani tu. Kwa hiyo hesabu ikawa hivi: thamani pamoja na usafiri ilikadiriwa shilingi 600,000. Ushuru wa asilimia 25 ni 150,000. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye 600,000, inapigwa kwenye 750,000, yaani thamani ukishajumlisha ushuru. Hiyo ni 135,000. Jumla 285,000, na tozo ndogondogo juu yake. Wengi hukosea hapo. Hujumlisha 25 na 18, wakapata 43, wakaja na fedha pungufu.

Kilichoniumiza zaidi ni kapulana, vitenge vya Msumbiji. Mtu hawezi kutoka Msumbiji akarudi kwa mama wakubwa na mashangazi mikono mitupu, na zawadi ya kule ni kapulana. Nilibeba vipande 20, havijakatwa, havijashonwa. Yule mama akavitenga pembeni, akanifungulia sheria na kunionyesha: vitambaa vya jora havimo katika msamaha wa mizigo ya msafiri, sawa na bidhaa za kuuza. Zaidi ya hapo, kanga, vikoi na vitenge viko kwenye orodha ya bidhaa nyeti za Jumuiya, ushuru wake ni asilimia 50, wala si 25. Vipande vyangu vilikadiriwa shilingi 120,000, ushuru 60,000, na VAT ya asilimia 18 kwenye 180,000 ikawa 32,400. Nikalipa 92,400 kwa zawadi.

Nilimwambia, "Mama, hizi ni za shangazi zangu, si biashara."

Akanijibu kwa upole, "Nakuamini. Lakini anayekuja nyuma yako na vipande mia mbili naye ana shangazi."

Sikuwa na la kusema. Naona bado sheria ingeweza kumwachia msafiri vipande vichache, maana kwa watu wa pande mbili za Ruvuma kitambaa ndiyo salamu yenyewe. Lakini najua pia viwanda vyetu vya nguo vinavyohangaika, na kapulana zinavyovushwa kwa mafungu. Zile nilizokwisha kushona na kuvaa zilipita kama nguo, bila swali.

Cha mwisho kilikuwa pingili za mihogo. Jirani yangu wa Pemba, bibi aliyenifundisha kupika matapa, mboga ya majani ya mihogo, alinifungia pingili 15 za mbegu yake anayoipenda. Afisa wa afya ya mimea akazikataa, kwa kuwa sikuwa na cheti cha usafi wa mimea. Akanionyesha kwenye picha jinsi michirizi ya kahawia inavyoozesha muhogo ndani wakati majani bado yanaonekana mazima, na kwamba pingili zenye ugonjwa ndizo zinazousafirisha kutoka shamba hadi shamba. Nilihuzunika, lakini nilizitoa mwenyewe kwa mikono yangu. Mtwara tunakula muhogo. Nisingetaka kuwa mtu aliyeuleta ugonjwa shambani kwa jirani.

Vitu vya nyumbani viliruhusiwa siku ileile, na jioni lori likaenda zake Mtwara. Gari lilibaki ndani ya uzio wa forodha siku nne, mpaka wakala alipokamilisha tamko na kibali cha msamaha kikatoka. Nililala Mangaka, nikawa nakuja kila asubuhi. Hakuna aliyeniomba chochote pembeni, na mimi sikutoa. Kwenye kibali nilisainishwa kwamba gari nimesamehewa mimi: nikilihamishia kwa mtu asiye na haki ya msamaha, kodi yake inadaiwa. Nilimsomea mdogo wangu sentensi hiyo mara mbili, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuliangalia.

Sikuweza kuvusha kila kitu kwa mara moja. Kabati la vyombo na meza kubwa ya kukatia nguo vilibaki Pemba kwa rafiki, lakini vilikuwa kwenye orodha tangu mwanzo, vimeandikwa "vitafuata". Sheria inampa msafiri siku 90 tangu alipofika kuleta mizigo iliyobaki, na Kamishna wa forodha anaweza kuongeza, ila zisipite siku 360. Nilihesabu kwenye kalenda ya ukutani ya mama: kutoka 14 Mei, siku ya 90 ni 12 Agosti. Nikaizungushia wino mwekundu.

Lori la pili lilifika Mtambaswala tarehe 3 Agosti. Nilikwenda mwenyewe na nakala ya orodha yenye mihuri miwili, wa Alfândega na wa kwetu. Yule mama wa miwani alikuwa zamu. Akatafuta mstari wa 138 na wa 139, akaangalia kabati, akaangalia meza, akagonga muhuri.

"Shangazi walizipenda kapulana?" akaniuliza.

Nikamwambia mmoja alikuwa ameivaa harusini Jumamosi iliyopita.